Kushuka Ngomo kwa kutazama: siku moja kutoka Bukavu hadi Kamanyola

Mtoto wa Nguba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Kila mara humu huulizwa ni wapi mtu anaweza kutoka Bukavu asubuhi, akaona milima na kurudi kulala kwake, na majibu huwa ni yale yale: nendeni Tshivanga mkawaone ngagi, wale sokwe wakubwa, au vukeni ziwa mwende kisiwa cha Idjwi. Sina ugomvi na majibu hayo. Ila kuna njia ambayo wengi wetu tunaitaja kwa kuikwepa, nayo ni barabara ya taifa namba 5 inayoteremka mlima Ngomo hadi Kamanyola, mji mdogo ulio bondeni kwenye njia ya kwenda Uvira. Nimeona nieleze kwa kirefu jinsi tulivyoipita mimi, binti yangu wa miaka 11 na mjomba wangu, Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Juni 2024, nasi hatukuwa na shughuli yoyote Uvira wala mzigo wa kupeleka. Tulikwenda kutazama.

Niseme wazi kabla ya yote: mwaka uliofuata vita vilifika Bukavu, na Kamanyola yenyewe pia. Ninayoyaandika ni ya siku ile. Anayetaka kuifuata njia hii aanze kwa kuwauliza madereva walioipita jana, asitegemee simulizi yangu wala ya mtu mwingine aliyepita mwaka jana.

Tulitoka Nguba, mtaa wetu hapa Bukavu, saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu mjomba alikataa kabisa kukutana na msongamano wa mjini, pale Essence na Major Vangu. Yeye aliendesha malori ya mizigo kati ya Bukavu na Uvira kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na tangu hapo hakuwa ameigusa njia hiyo. Kila alipotaka kwenda Uvira alipitia Rwanda kwenye lami kama watu wengine. Tulipoipita Panzi nyumba zikaanza kuachana, mikaratusi ikachukua nafasi ya mabati, na ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni kiasi kwamba vilima vilionekana kama visiwa.

Nyangezi iko kiasi cha kilomita 25 kutoka mjini, na ni mahali ambapo ningemshauri mtu asipite mbio. Ni bonde pana lililolimwa karibu lote: maharage, mihogo, migomba, na chini kabisa, kwenye majimaji, vitalu vya mboga vilivyopangwa kwa mistari utadhani vimepigwa rula. Tulinunua mandazi ya moto kwa mama mmoja kando ya barabara, tukanywa chai tuliyoibeba, na mjomba akatumia muda huo kuzungumza na kijana aliyekuwa anatoka chini na pikipiki. Alimuuliza mambo matatu: mvua ya mwisho ilinyesha lini, kona ipi imelika, na kama kuna lori lililokwama. Kijana akasema njia ni nzuri. Mjomba akaniambia kwamba mtu wa pikipiki akikwambia njia ni nzuri, amekueleza habari za magurudumu mawili.

Baada ya Nyangezi barabara huenda kwa utulivu, halafu ardhi inakwisha. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Unapinda kona moja ya kawaida, na pale ulipotarajia kilima kingine hakuna kitu isipokuwa hewa, na mbali sana chini yake kuna nchi nyingine tambarare, ya rangi ya majani makavu, na mto Ruzizi ukipita katikati kama uzi uliodondoshwa bila kunyooshwa. Upande wa kushoto, ng'ambo ya mto, ni vilima vya Rwanda. Mbele zaidi, milima ya Burundi imesimama kwa rangi ya buluu iliyofifia. Mabati ya Kamanyola yalikuwa yanamemeta. Binti yangu, ambaye njia nzima alikuwa analalamika kwamba hakupewa kiti cha mbele, alinyamaza.

Hapo mjomba alisimamisha gari, akashuka, akalizunguka, akapiga teke kila tairi, kisha akarudi ndani na kukanyaga breki mara tatu gari likiwa limesimama. Alimpa binti kanuni moja, ambayo naiandika hapa kwa faida ya kila mtu: mlima unashukwa na gea ile ile ambayo ungeupandia. Mtu anayeteremka na gea ya tatu huku mguu wake ukilala kwenye breki atanusa harufu ya kuungua kabla hajafika nusu, na baada ya harufu hiyo breki humsikiliza kwa kusitasita. Sisi tulishuka na gea ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma, mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Barabara yenyewe ni udongo, imechongwa kwenye ubavu wa mlima. Upande mmoja ni ukuta wa mawe na udongo mwekundu, upande wa pili ni korongo, na katikati pana mifereji iliyochimbwa na mvua za miezi iliyotangulia. Katika sehemu nyingi magari mawili hayapishani. Ukikutana na mwenzako, mmoja lazima arudi nyuma hadi mahali palipopanuliwa, na kurudi nyuma kwenye Ngomo huku korongo likiwa upande wa dereva ni kazi ambayo mimi nisingeiweza.

Karibu theluthi moja ya mteremko tulilikuta lori la saruji limelala kidogo, gurudumu la nyuma limezama, na nyuma yake magari manane yamesubiri. Tulikaa hapo saa moja na dakika arobaini. Vijana walishusha mifuko mmoja mmoja mgongoni, wakaipanga kando ya mwamba, na konvoayeri, yaani msaidizi wa dereva, alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu akiwa ameshika kabari la mti kwa mikono miwili, akilisukuma ndani kila lori lilipojongea hata kwa kiganja. Hakuliondolea macho gurudumu lile hata mara moja. Katika robo saa ya kwanza walikwisha tokea akina mama kutoka juu ya mlima, ambako mimi sikuwa nimeona nyumba hata moja, wakiwa na parachichi, ndizi mbivu na miwa. Sitaki kusema kwamba kukwama ni raha, lakini ukweli ni kwamba kama si lori lile tungelipita bonde hilo kwa kulichungulia dirishani. Tulikaa juu ya jiwe, tukala parachichi na chumvi, tukaona kivuli cha wingu kikitoka Burundi na kuja kuvuka mto.

Kamanyola tuliingia saa sita kasoro. Asubuhi tulikuwa tumevaa masweta. Sasa hata shati lilikuwa zito. Binti alikuwa amemaliza chupa yake ya maji pale juu, akaifunga na kuitupa nyuma ya kiti. Alipoiokota Kamanyola, ilikuwa imebonyea pande zote mbili kana kwamba mtu ameifinya kwa makusudi. Mjomba akasema ni joto limeilainisha. Binti akasema si joto, ni hewa ya huku chini ambayo ni nzito kuliko ile iliyofungiwa ndani. Walibishana hadi chakula kilipoletwa.

Nitaendelea na habari za kurudi. Maswali karibuni.

Binti Kadutu

Asante sana kaka kwa maelezo haya, nimeyasoma yote mara mbili. Nina swali la mtu mwoga. Sisi kwetu tunajua kwamba anayetaka kushuka Kamanyola anapita Rwanda, kwenye lami, na anafika bila hata vumbi kwenye viatu. Je, kuna sababu yoyote ya mtu mwenye akili timamu kuacha lami na kuingia Ngomo? Na gari dogo la mjini, lile la chini chini, linaweza?

Mtoto wa Nguba

Dada, swali lako si la mwoga, ni la mtu anayejali tairi zake. Kama unakwenda msibani Uvira, au una mgonjwa, au una bidhaa zinazoharibika, pita kwenye lami bila kujiuliza. Lakini hesabu pia kwamba kwa njia ile unatoka Congo, unaingia Rwanda, unatoka Rwanda na kuingia Congo tena, na katika kila dirisha kuna foleni na karatasi. Mtu asiye na hati kamili hawezi. Na zaidi ya hayo, lami ile iko upande wa pili wa mto. Ukipita kule unauona mlima wetu kwa mbali, kama mtu anayetazama nyumba yake akiwa uani kwa jirani.

Kuhusu gari dogo, jibu langu ni hapana. Sisi tulikuwa na gari la magurudumu manne yanayovuta, lililo juu kutoka ardhini, na bado mara mbili tulisikia jiwe likikwaruza tumbo lake. Tena usiende siku inayofuata mvua, hata kama jua limewaka: udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni, na ukuta wa juu huachia mawe.

Jambo jingine, na hili ni la mfukoni. Kwenye kizuizi kimoja tulidaiwa fedha ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Mjomba aliomba risiti kwa heshima zote. Kiasi kikapungua kwa nusu, na risiti haikuja. Beba noti ndogo ndogo za franga, na beba subira.

Mwalimu wa Jiografia

Nimefurahi kusoma habari za Ruzizi kuonekana kama uzi, kwa sababu wanafunzi wangu wengi huishi mita chache kutoka mto huo bila kujua ni mto wa ajabu kiasi gani. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika iko mita 773. Ruzizi inaimaliza tofauti hiyo yote, karibu mita 690, katika kilomita 117 tu, wala haigawi mteremko wake kwa usawa: sehemu kubwa ya kuporomoka iko huko juu, katika makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola, na ikishafika bondeni inatembea kwa kupindapinda kama mtu aliyeshiba. Ndiyo maana vituo vya umeme, yaani Ruzizi ya kwanza ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi ya pili ya mwaka 1989, inayotumiwa kwa pamoja na Congo, Rwanda na Burundi, vimejengwa huko juu na si kwenye tambarare.

Tena ni mto mchanga. Zamani maji ya eneo hili yalielekea kaskazini, kwenye bonde la Ziwa Edward, na kutoka huko yakaingia katika njia ya Nile. Volkano za Virunga ziliposimama na kumwaga lava, zikaziba mlango huo. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, ziwa likapanda, hadi likapata pa kufurikia upande wa kusini, pale pale Bukavu, yapata miaka 10,000 iliyopita. Tangu hapo yanakwenda Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, yanaingia mto Lualaba na kuishia Atlantiki. Maana yake ni kwamba maji anayonawia mwanzisha uzi huko Nguba yangekuwa yanakwenda Misri kama si Virunga.

Hata sambaza, samaki mdogo anayeliwa Bukavu kila siku, ni mgeni aliyetoka chini ya mlima huo. Samaki wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda maporomoko ya Ruzizi, na Kivu ikabaki na aina chache mno za samaki. Sambaza waliletwa na binadamu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo unaposhuka Ngomo, unakwenda kwa wajomba wa sambaza.

Chofa wa Zamani

Mwalimu ametufundisha, na mimi niongeze la barabarani, kwa sababu naona mwanzisha uzi hakusema nani humpisha nani, na hapo ndipo watu hufia. Vitabu vya udereva husema anayeshuka ampishe anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama hupoteza nguvu na kuanza upya ni shida. Kanuni hiyo ni nzuri kwa magari yanayolingana. Ngomo ina kanuni yake: mwepesi humpisha mzito, awe anapanda au anashuka. Lori lenye tani nyingi linaloteremka haliwezi kurudi nyuma likapanda kona iliyolika. Likijaribu, litachimba shimo na kulala humo, na nyote mtalala hapo. Wewe mwenye gari dogo rudi nyuma, hata kama haki ni yako.

Piga honi kabla ya kila kona isiyoonekana, kisha zima redio na ufungue dirisha ili usikie anayekujibu. Abiria mmoja ashuke na kusimama nyuma mnaporudi kinyumenyume. Na mkifika chini, msimwagie maji tairi wala breki zilizopata moto ili zipoe haraka. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi hupasuka. Egesha, kaa, kunywa soda.

Mtoto wa Nguba

Mzee wetu, asante. Nimemsomea mjomba maneno yako kwa simu, akacheka na kusema huyu ameipita kweli. Habari ya mwepesi kumpisha mzito ndiyo aliyoifuata, maana tulirudi nyuma mara nne na mara tatu haki ilikuwa yetu. Aliyesimama nyuma kutuongoza ni mimi, na sina haja ya kueleza magoti yangu yalikuwa katika hali gani.

Mwana wa Tambarare

Mimi ni mtu wa Uvira, na nina neno dogo la kulalamika. Watu wa Bukavu mkishuka, habari yenu ya kwanza ni joto, ya pili ni joto. Mwanzisha uzi amefika Kamanyola, amekula, ametazama chupa ya mtoto, amegeuza. Kamanyola si mwisho wa mlima tu, ndugu yangu, ni mwanzo wa tambarare ya Ruzizi! Hapo hapo karibu ndipo nchi tatu zinapokutana, Congo, Rwanda na Burundi, mahali mto Ruhwa unapoingia katika Ruzizi. Ukiendelea mbele kidogo utakuta mashamba ya mpunga ya Luvungi, ng'ombe barabarani, na embe ambazo kule kwenu juu zinafika zimechoka.

Na jina lenyewe lina historia kuliko ukubwa wa mji. Tarehe 11 Juni 1964, wakati wa uasi wa mashariki, jeshi la serikali lilipigana hapo, na Mobutu, aliyekuwa mkuu wa majeshi, alikuwepo mwenyewe. Baadaye alipokuwa rais aliifanya siku ile kuwa kama cheti chake cha ushujaa. Divisheni ya jeshi iliitwa Kamanyola, meli yake ya anasa iliitwa Kamanyola, na hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ambao leo tunauita Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste, ulifunguliwa kwa jina hilo hilo. Vijana wa Kinshasa walilijua jina hilo bila kujua kwamba ni mahali penye vumbi na mbuzi.

Mtoto wa Nguba

Nimekubali kosa, ndugu wa tambarare. Kwa kujitetea, niseme tulikula wali wa huko na maharage na samaki aina ya mukeke wa kukaanga, na mjomba aliuliza kama mpunga ni wa Luvungi kabla hata hajanawa mikono.

Sasa habari ya kurudi. Tuliondoka Kamanyola saa nane, kwa kuwa mjomba hakutaka giza litukute mlimani, na hapo nilijifunza kwamba Ngomo ni milima miwili tofauti kwa kutegemea unapanda au unashuka. Ukishuka unaiona tambarare muda wote, na mwili unasukumwa kuelekea korongoni. Ukipanda, unauona mlima wenyewe: tabaka za mawe zilizolala mshazari, vijito vidogo vinavyovuja ukutani, mashamba ya mihogo kwenye miteremko ambayo mtu angepaswa kulima akiwa amejifunga kamba. Lori la saruji halikuwepo tena. Mahali lilipokuwa pamebaki alama nyeupe ya mfuko mmoja uliopasuka, na kabari la mti limesahauliwa. Mjomba alisimama, akalichukua, akaliweka juu ya jiwe mahali ambapo dereva mwingine angeliona.

Kuhusu msimu, kwa kuwa watu wawili wameniuliza faraghani: Julai na Agosti njia ni kavu zaidi, lakini moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi hufunika bonde, na utashuka bila kuiona Burundi. Kwa maoni yangu wiki za kwanza za kiangazi, mwishoni mwa Mei hadi Juni, ndizo zinazofaa, wakati mvua imekwisha kuisafisha hewa na udongo umeanza kushikana.

Na sasa ile chupa. Binti yangu hakukubali kwamba ubishi umekwisha, kwa hiyo alipomaliza maji yake Kamanyola aliifunga chupa ya pili kwa nguvu zake zote, akaishika mapajani njia nzima ya kupanda. Tulipofika kileleni, pale pale ardhi ilipoishia asubuhi, ilikuwa imejaa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Alimwambia mjomba azime injini. Akafungua kizibo polepole karibu na sikio la mzee, na hewa ya Kamanyola ikatoka kwa mlio mfupi. Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akaichukua chupa, akaifunga mwenyewe, akaiweka mlangoni upande wake. Jumatatu alinipigia simu kulalamika kwamba ameipeleka nyumbani na haijabonyea hata kidogo, na binti yangu akamweleza kwamba kutoka kileleni hadi Bukavu kimo hakitofautiani sana. Akasema basi hiyo si kazi, na akauliza gari litakuwa na nafasi lini.